Raha za Dar zina saa zake: namna ya kulifaidi jiji hata mfuko ukiwa mwembamba

Nimeingia Dar mwaka 2014 natokea Njombe, na miaka miwili ya kwanza niliishi kama mtu aliyekaa stendi anasubiri basi lake. Kazi yangu Kariakoo, stoo ya vitambaa, naingia saa mbili asubuhi natoka kigiza kinaingia, naganda kwenye daladala mpaka Tandika, nakula, nalala, kesho tena. Jumapili ndo navuta pazia nalala mpaka jasho liniamshe lenyewe. Nilishajiwekea kichwani kwamba raha nitaenda kuila nyumbani Desemba, au siku hela ikishika, maana kila niliyemuuliza alikuwa ananiambia Dar bila hela utaambulia joto na foleni. Aliyenitoa huko ni mama mwenye nyumba wangu, hapa uani wote tunamwita Bi Mkubwa, mzaliwa wa Temeke hiihii. Jumapili moja saa nne akagonga dirisha akasema, "Mwanangu, saa ya kuamka wewe umelala, saa ya kulala ndo unatoka kuzurura, sasa hii Dar utaionea wapi?"

Lile neno lilinikaa. Nikaanza kuamka, nikaanza kuzunguka, na kitu nilichogundua ndicho nataka niwape hapa, hasa nyie mliokuja juzi juzi mmepanga chumba kimoja na bado mnahesabu siku za likizo. Hili jiji kwa sensa ya 2022 lina watu 5,383,728, na karibu wote tunataka kitu kilekile saa ileile, ndo maana kila mahali panakuwa pachungu. Ukienda Coco Beach Jumapili saa kumi na moja jioni utasukumana mpaka uchukie bahari. Nenda Jumapili hiyohiyo saa kumi na mbili asubuhi, mchanga uleule, upepo uleule, upo wewe na wakimbiaji wachache na kunguru. Kwahiyo mtu akikutajia sehemu nzuri usimuulize kiingilio, muulize saa ngapi.

Hela nayo tuimalize hapahapa isitusumbue mbele. Mimi natenga elfu tano kwa wiki, inakaa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, haichanganyiki na nauli wala bando. Ukiiacha kwenye simu imeondoka, utanunua bando Jumatano ufikirie umekula raha. Elfu tano ukiipangia saa vizuri inatosha na chenji inabaki, na bei nitakazotaja ni ninazolipa mimi, kwenu zinaweza kupishana kidogo.

ANZA NA SITI

Najua mtaona nimeanza na kitu kidogo sana ila kama unakaa Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto, Kimara, daladala inakula saa mbili tatu za siku yako, na saa tatu za mateso kila siku hakuna raha ya kuzifidia. Sisi wa kusini, kutoka Tandika au Mbagala kwenda mjini asubuhi gari linaelekea kaskazini, jua lipo kulia. Kaa kushoto. Jioni ukirudi gari linaelekea kusini, jua limeshahamia magharibi ambako sasa ni kulia kwako tena, kwahiyo jioni pia kaa kushoto. Miaka miwili nilichomwa shavu moja bila kufikiria hilo! Wa Kimara na Mbezi hesabu yenu ni nyingine, nyie jua mnaliendea usoni asubuhi na jioni linawasubiri mbele tena, kwenu dawa ni siti za nyuma.

Na jioni kama umechoka kweli, geuza nalo. Yaani panda gari linakotoka, kituo kimoja au viwili kabla ya mwisho, lipa nauli ya kugeuza, likifika mwisho wenzako wanapigania mlango wewe umeshakaa dirishani. Hiyo mia kadhaa ya kugeuza naihesabu kwenye kopo la raha kabisa, wala siihesabu kwenye nauli. Ukishakaa weka simu mfukoni, kwanza vibaka wa dirishani wapo, pili jioni ndo mtaa unawaka, karai za samaki zinatolewa nje, watoto wanatoka madrasa, fundi anafunga cherehani yake, mtu anamkimbilia konda na kuku mkononi. Mimi siku zingine nashuka naona bora safari ingeongezeka kidogo.

KIJIWE CHA KAHAWA

Hiki ndo kitu kilichonifanya niache kujiona mgeni, kwahiyo mnisamehe nikikaa nacho.

Kahawa ya kijiweni ina nyakati mbili, alfajiri baada ya watu kutoka msikitini mpaka kama saa mbili, na jioni kuanzia saa kumi na moja hivi. Katikati ya hapo birika linaweza kuwepo ila kijiwe hakipo, na kahawa bila kijiwe ni maji machungu tu. Tafuta sehemu yenye mabenchi yaliyopangwa yakiangaliana, chini ya mwembe au ukutani penye kivuli, wazee watatu wanne, drafti ya vizibo vya soda pembeni. Kariakoo zipo kila mtaa, Magomeni, Temeke, Ilala, Buguruni, ni wewe tu. Wauzaji wengine wanatembea, utawasikia kabla hujawaona kwa sababu wanagonganisha vikombe viwili kwa mkono mmoja, kile kimlio cha kauri, ukikisikia saa kumi na moja jioni kinapita nyuma ya nyumba unajua siku inaishia.

Ukifika salimia wote kwanza. Kwa wazee shikamoo, usiruke hata mmoja, na subiri marahaba yake. Usikae moja kwa moja kwenye benchi la kona lenye kivuli kizuri, hilo lina mwenyewe hata kama hayupo, kaa pembeni, utaitwa wakikuzoea. Agiza, kikombe ni shilingi mia, kimoja ni kidogo kama yai, kwahiyo watu wanapiga viwili vitatu. Kashata mia nyingine. Ukiwa hujazoea, ng'ata kashata kidogo kwanza, iache ikae ulimini, halafu ndo uvute kahawa kwa mdomo wa juu juu kama unaipuliza kwa kuirudisha ndani, kwa sababu birika lipo juu ya mkaa muda wote na ile kitu inaunguza. Sukari ya kashata inakutana na uchungu wa kahawa na tangawizi, hapo katikati ndo penyewe. Ukimaliza usiweke kikombe chini, mrudishie mkononi, anakisuuza kwenye ndoo yake anampa mwingine.

Muuzaji wa kijiwe chetu ana namna yake ya kumimina. Analiinua birika taratibu mpaka uzi wa kahawa unakuwa mrefu kama mkono, kikombe kimekaa kwenye vidole vitatu, na hamwagi hata tone, halafu wakati anamimina anakuwa anaongea na mtu mwingine kabisa upande wa pili kuhusu usajili wa Simba. Nimemwangalia mamia ya mara na bado naangalia.

Maongezi usiyalazimishe. Wiki ya kwanza sikiliza tu. Watazungumza siasa, mpira, bei ya mchele, nani kafiwa, na utajua mambo ya mtaa wako ambayo hakuna kundi la simu litakwambia, nani anapangisha, fundi gani ni mkweli, barabara gani inafungwa kesho. Na kwenye drafti usimwonyeshe mtu kete ya kula, hata kama unaiona. Hilo ni kosa kubwa, bora umwage kahawa. Dada zangu mtaniambia vijiwe vingi ni vya wanaume watupu, ni kweli, ila wanaotembea wanapita mpaka barazani, Bi Mkubwa na mashoga zake wa kuswali naye wana muuzaji wao kila jioni, wanakaa kwenye mkeka uani na kijiwe chao kina habari kuliko chetu.

Ukitoka kijiweni asubuhi pitia meza ya magazeti. Yametandazwa pale chini au yamebanwa kwa vibanio, watu kumi wamesimama mikono nyuma wanasoma kurasa za mbele. Hailipiwi. Soma vichwa vyote vya habari, angalau moja la michezo linunue mara mojamoja kwa mwenye meza maana naye anakula kupitia hiyo meza.

ALFAJIRI YA JUMAPILI, KWA MGUU

Watu wengi wanaokuja wanaenda Coco jioni wakitegemea jua lizame baharini kama kwenye picha. Halizami pale ndugu zangu, bahari yetu ipo mashariki. Pale linachomoza. Kwenye saa kumi na mbili asubuhi na kidogo, Novemba linawahi, Julai linajivuta mpaka karibu na nusu.

Fanya hivi. Panda gari la kwanza kwanza la Posta, Jumapili alfajiri hakuna foleni kabisa, dakika chache umefika. Shuka, pita barabara ya Samora kuelekea baharini, utapita Bustani ya Mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, miti yake mikubwa kuliko maghorofa mengine ya pale, halafu utokee Ocean Road, siku hizi inaitwa Barack Obama ila sisi wa daladala bado tunaita Ocean Road. Upande wa Ikulu usitoe simu kupiga picha, usijitafutie maneno na walinzi. Geuka kushoto, fuata ufukwe. Bahari ipo kulia kwako, jua linaanza kupaka rangi, kuna watu wanakimbia, wengine wanasali mchangani kwa sauti kubwa, waache na ibada yao.

Utafika Daraja la Tanzanite, lilifunguliwa 2022, lina kilomita moja na kidogo na njia ya waenda kwa miguu pembeni. Vuka taratibu. Kulia bahari wazi, ngalawa zinarudi na matanga yao, kushoto unaona mikoko ya mdomo wa mto Msimbazi na lile daraja la zamani la Salender. Maji yakiwa yametoka ndo pazuri zaidi, matope yanang'aa, yangeyange wamesimama mguu mmoja mmoja wanangoja dagaa, na watu wanachimba chambo wameinama mbali kabisa. Mimi mtu wa milimani, bahari nimeiona nikiwa na miaka ishirini na mbili, na hicho kitu cha maji kuondoka asubuhi yakarudi jioni bado kinanishangaza mpaka leo.

Ukishuka darajani upo jirani na Coco. Kaa kwenye mwamba, vua viatu, nunua dafu. Mwambie kabisa unataka la namna gani, la maji tu au lenye nyama laini, yeye analigonga kwa kidole anajua. Ukimaliza maji usilitupe, mrudishie alipasue, atachonga kijiko kwenye ganda la dafu lenyewe, kwa panga, mapigo mawili, na hicho ndo unakombea nyama yake. Kijiko kinakuwa na harufu ya majani mabichi. Saa mbili na nusu jua likianza kuuma unapanda gari unarudi, umefika nyumbani saa tatu, wenzako ndo wanafungua pazia, na Jumapili yote bado ipo mbele yako.

SAA SABA MPAKA SAA TISA MCHANA

Saa hizi Dar haina cha kukupa nje, hasa Desemba mpaka Machi, usibishane na jua. Tafuta kivuli chenye kitu ndani. Siku ya kazi kama upo mjini na una nafasi, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi ipo tangu 1967, kimya chake peke yake ni kama kuoga. Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, ndipo lilipo fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, na wengi wetu tumelisoma shule ya msingi tukalikariri bila kuliona. Au nenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, wanafanya kazi hadharani, unaweza kusimama kimya nyuma ya mchoraji ukaangalia anavyomtia chui madoa, doa kwa doa, brashi ndogo kama njiti. Ukimsalimia vizuri hakufukuzi.

Na kama upo nyumbani, lala. Kwa kweli. Kulala saa nane mchana na mlango wazi, pazia linapepea, redio ya jirani inapiga zilipendwa kwa mbali, hiyo ni raha kamili, tofauti kabisa na kule kulala kwangu kwa zamani kwa kulikimbia jiji.

FERI, UKIENDA KINYUME NA WATU

Hii naipenda kuliko zote na nauli yake ni mia mbili kwenda mia mbili kurudi.

Jioni watu wa Kigamboni wanatoka kazini mjini wanavuka kurudi kwao, kuanzia saa kumi na moja lile banda la kusubiria linajaa mpaka pumzi inakuwa ya kupokezana. Wanaolalamika kuhusu kivuko wengi wanakijua kwa saa hiyo tu. Wewe vuka mapema, saa tisa na nusu au saa kumi, Jumamosi ni nzuri. Geti likifunguliwa usikimbie, acha wanaokimbia wakimbie, wewe ingia mwisho, halafu usiende katikati, simama pembeni kwenye vyuma uone maji. Safari haifiki hata robo saa.

Upande wa pili usiende mbali. Kaa hapohapo karibu na gati, kuna miwa, kuna machungwa yaliyomenywa tayari kwenye toroli, juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Sasa kama una bahati ndo utaona kitu. Meli zote zinazoingia bandari ya Dar zinapita kwenye ule mlango mwembamba, katikati ya Magogoni na Kigamboni, hakuna njia nyingine. Kivuko kinasimama kinaipisha. Siku ya kwanza nilikuwa namenya muwa kwa meno, nikahisi kivuli kimenifunika, nikainua kichwa nikaona ukuta wa chuma umejaa makontena unapita mbele yangu taratibu bila kelele, mrefu kama mtaa, na juu kabisa jamaa mmoja na kofia ya plastiki ya njano ananipungia mkono. Nikampungia na muwa wangu. Sijui katoka nchi gani, miezi mingapi hajaona nyumbani kwao, ila tulipungiana mpaka akapotea kwenye kona ya bandari.

Subiri mpaka saa kumi na mbili kasoro. Hapo kivuko kinakuja kimefurika kutoka mjini, kinamwaga watu, na kurudi mjini ni nyie wachache tu, unachagua pa kusimama. Jua linazama upande wa bandarini, nyuma ya winchi, maghorofa yanageuka meusi, mnara wa Azania Front na ule wa kanisa la St. Joseph, ambalo Wajerumani walilimaliza 1902, yote unaiona kwa pamoja kutoka majini, na taa zinaanza kuwaka moja moja. Upepo wa chumvi unakupiga kifuani. Hapo nafikiri ndo niliacha kusema "huko kwenu Dar" nikaanza kusema "kwetu".

Ukishuka Feri kuna samaki wa kukaanga, ila kama unataka mnada wenyewe wa samaki hiyo nayo ni ya alfajiri, jioni utakuta mabaki.

VYA NYUMBANI

Sio lazima utoke kila wiki. Vingine vinakufuata ndani na hivi navipitia haraka. Mvua ya usiku kwenye bati, zima redio uisikilize, ila kumbuka wenzetu wa bondeni, Jangwani na Kigogo, kwao mvua hiyo ni kubeba godoro kichwani, usiishangilie mbele yao. Umeme ukikatika usikae ndani unalaani, toka na mkeka, ndo saa pekee nyota za Dar zinaonekana na ndo saa wazee wanasimulia. Miezi ya Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi, usiku unajifunika shuka mpaka shingoni, mie ndo msimu ninaosikia kwetu kwa mbali. Novemba embe dodo zinaanza kushuka bei, nunua jioni wakati muuzaji anataka kufunga. Na Ramadhani, hata kama hufungi kama mie, jiji lote linabadilisha saa zake, mchana linanyamaza na usiku linachangamka, Bi Mkubwa ananiletea tambi na kaimati kwenye sahani iliyofunikwa kawa, na mimi siku ya sikukuu namrudishia sahani ikiwa na kitu, sahani ya mtu hairudi tupu.

Siku ya mechi ya Simba na Yanga, kama hupendi mpira, hiyo ndo siku yako ya kutembea. Barabara inakuwa nyeupe. Na kama unaupenda ila kibanda umiza cha kuonyeshea mpira kimejaa, kaa nje barazani tu, goli utalisikia linatoka nyumba kwa nyumba mtaa mzima kama mawimbi, na ukizoea utajua ni la nani kabla hujaambiwa, kwa kuangalia tu ni upande gani wa mtaa umelipuka.

MARA MOJA KWA MWEZI, NA HII USIIKOSE

Nilisema jua halizami Coco. Ila mwezi unachomoza pale, na ukiwa mpevu unachomoza wakati jua linazama mgongoni kwako. Bi Mkubwa ndo aliniambia, wao walikuwa wanaenda tangu wasichana.

Hesabu yake ni rahisi. Uliza mtu yeyote anayefuata kalenda ya Kiislamu leo mwezi ngapi. Siku ya kumi na nne au kumi na tano mwezi unatoka baharini saa kumi na mbili na kidogo, anga bado lina mwanga, unatoka mweupe. Kila siku unachelewa kama dakika hamsini, kwahiyo kumi na sita unatoka giza limeshaingia, na huo ndo ninaoupenda zaidi, unatoka mwekundu mkubwa kama sinia. Siku hizohizo maji ni ya bamvua, jioni kwenye saa kumi yanajaa mpaka juu kabisa yanapiga miamba, usiingie kuogelea, keti juu uangalie. Ikiangukia katikati ya wiki ni bora kuliko wikiendi, watu ni wachache. Kaa penye taa na wauzaji, nenda na wenzako wawili watatu, simu iwe ya kutoa mara moja na kurudisha.

Mihogo nunua kabla mwezi haujatoka maana ukishatoka hutataka kuinuka. Chagua karai inayochemka, sio iliyopangwa kwenye sinia tangu mchana. Muombe avunje kipande kimoja uone, muhogo mzuri ukivunjika unamwaga unga ndani kama kiazi, ukiona nyuzi nyuzi hama meza kwa adabu. Ya kukaanga inakuja na kachumbari, ya kuchoma inapasuliwa katikati inapakwa chumvi, pilipili na ndimu ikiwa bado inafuka moshi. Mie nachukua ya kuchoma, ya buku, yaani elfu moja, inatosha. Halafu unageukia bahari. Kwanza unaona mstari wa maji umekuwa na rangi ya shaba sehemu moja tu, watu wananyamaza wenyewe bila kuambiwa, hata watoto, kisha inatoka kama ukucha, kama kipande cha embe, na dakika mbili tatu umekamilika umejitenga na maji, na njia ya mwanga imetoka kule mpaka kwenye miguu yako.

Ukishapanda kimo cha mnazi anza kuinuka, magari ya Temeke yanapungua baada ya saa tatu. Kabla hujaondoka mwambie mama wa mihogo akufungie ya buku nyingine kwenye gazeti, pilipili aweke pembeni. Hiyo mie nampelekea Bi Mkubwa, anaacha mlango wa uani bila komeo mpaka nirudi, na swali lake la kwanza nikifika ni kama leo ulitoka mwekundu.